Nesi Aliyesalimia Utosi Kwanza

Nesi wa zahanati yetu salamu alizijua, ila mpangilio wake ulikuwa wa peke yake. Kwetu Mkumbi ukikutana na mama aliyebeba mtoto, unamsalimia mama. Unauliza habari za nyumbani, za shamba, za mzee, za mbuzi kama yupo, na mwisho kabisa ndipo unachungulia mgongoni na kusema, "Aa, kumbe tuna mgeni." Nesi alianzia mgongoni. Alimpita mama kama anavyopita mti, akafunua mbeleko, akavua kofia ya mtoto, akaweka vidole pale juu ya kichwa palipo laini, panapodunda. Akafumba macho. Akisharidhika, ndipo anageukia mwenye mtoto: "Eeh. Na wewe hujambo?"

Wakubwa walichukia. Sisi wa shule tulimpenda kupita kiasi, kwa sababu alikuwa mtu mzima mwenye tabia mbaya na hakuna wa kumchapa. Mimi nilikuwa bingwa wa kumwigiza. Wakati wa mapumziko nilipita kwenye mistari ya wenzangu nikiwavua kofia, nafumba macho, natangaza: "Huyu utosi umeshafunga, lakini ndani hamna kitu!" Siku moja nilitangaza hivyo juu ya kichwa cha kaka mkuu, nikafungua macho nikakuta wenzangu wote wanarudi kinyumenyume. Nyuma yangu amesimama Nesi mwenyewe na sanduku lake la chanjo. Nikasema moyoni, leo nimekwisha. Akasogea, akaweka vidole vyake juu ya kichwa cha kaka mkuu, akafumba macho muda mrefu.

"Kweli," alisema. "Hamna."

Tangu siku hiyo akaniita Mdomo. Jina langu halisi sidhani kama aliwahi kulishika.

Alikuwa Mnyasa wa kule ziwani, na sisi ni Wamatengo wa milimani, kwa hiyo utani ulikuwa haupoi. Alisema Wamatengo ni watu wa ajabu, wanachimba mashimo mlima mzima na kuita shamba. Wazee walimjibu kwamba yale ni mashimo ya ngolo, yanazuia mvua isibebe udongo, na kwamba afadhali mtu wa mashimo kuliko mtu anayevua watoto wa samaki na kuita kitoweo. "Mnawaonea hata samaki wa chekechea!" Akacheka mpaka ugoro ukamtoka puani. Ndiyo, alivuta ugoro. Ukutani kwake kulikuwa na picha ya mapafu meusi ya mvuta sigara, naye alikaa chini ya picha hiyo, kopo la ugoro mfukoni, akihubiri. Ukimuuliza, anasema mapafu yako kifuani na ugoro unaingilia puani, jiografia ni tofauti.

Maji alituambia tuchemshe. Yeye alikunywa ya mferejini, kwa kiganja, huku akituangalia. "Mimi nimekunywa ziwa zima," alisema, "huu mfereji utanifanya nini?"

Kubwa kuliko yote ni kwamba aliogopa sindano. Weee! Mtu aliyewatoboa watoto wa kata nzima huku akiwaimbia! Aliota jipu mahali ambapo heshima hainiruhusu kupataja, akashindwa kukaa, na mganga wa zahanati, bosi wake, akaandaa sindano. Tulikuwa tunatoka shule. Tukaona mlango wa zahanati unafunguka, Nesi anatoka mbio na kanzu nyeupe inapepea, anapotelea katikati ya mibuni, na mganga nyuma yake ameshika bomba la sindano kama anafukuza mwizi. Wanawake waliokuwa wanachuma kahawa wakamficha. Mganga alipokata tamaa na kurudi, Nesi alitoa kichwa kwenye majani, akatuona, akajipanga upya.

"Mmecheka nini? Maandiko yanasema ni heri kutoa kuliko kupokea."

Vita vyake vikubwa vilikuwa vya kofia. Mtu wa ziwani hajui baridi ya Mkumbi. Mwezi wa saba ukungu unaingia ndani ya nyumba bila hodi, na mtoto mchanga anavalishwa kofia ya sufu siku anayozaliwa, havuliwi mpaka aweze kuikataa mwenyewe. Halafu ndiyo ilikuwa miaka ya soko huria, ruksa kila kitu, marobota ya mitumba yanafunguliwa hadi kwenye minada ya vijijini, kwa hiyo watoto wetu walivaa kofia mbili mbili: ya chini aliyofuma bibi, na ya juu iliyotoka Ulaya, yenye kishungi kama cha jogoo na maandishi ambayo hata mwalimu wa Kiingereza alishindwa kuyasoma. Nesi alizichukia zote.

"Mtoto mchanga hajui kusema kichwa kinauma," aliwafokea akina mama kwenye benchi la kliniki. "Hawezi kuniambia Nesi, najisikia vibaya. Mungu kamwekea dirisha hapa juu ili mimi nichungulie, nyie mnaweka pazia! Utosi ukizama, mtoto amekaukiwa maji. Ukivimba, msiningoje hata mimi. Kimbia."

Akina mama waliitikia ndiyo Nesi, kisha mlangoni tu kofia zinarudi. Kwa upande mwingine bibi zetu walikuwa na dawa yao ya utosi: majivu na mafuta ya mbarika, yanapakwa pale pale palipo laini, halafu kofia juu, ili mwenye jicho baya asipaone. Kwa hiyo Nesi akivua kofia mbili, anakuta lami.

Hata kanisani hakuacha. Ubatizo mmoja, watoto wamepangwa mbele, Padri ameshika maji. Nesi akainuka kutoka kiti cha nyuma, akatembea mstari mzima wa watoto, vidole juu ya vichwa, macho kayafumba.

Padri akasema, "Mama, hapa anayebatiza ni nani?"

"Ni wewe, Baba. Wewe chukua roho, mimi nimemaliza na utosi. Endelea tu."

Kanisa lilicheka mpaka kwaya ikapoteza wimbo. Lakini na Padri naye, kabla ya kumwaga maji kwa yule wa kwanza, nilimwona anagusa kichwa kidogo kwa kidole. Anachungulia!

Sasa nifike kwa Gaudensi, maana bila yeye ningekuwa nawasimulia vichekesho tu.

Gaudensi ni mtoto wa dada yangu. Alizaliwa mwaka niliokuwa darasa la saba, katikati ya baridi, na baba yake, yaani shemeji yangu, alikuwa ameshikwa na homa ya biashara. Wakati ule kila mwanamume aliyekuwa na shati lenye mfuko alikuwa mfanyabiashara. Wanunuzi binafsi wa kahawa wamekuja na malori yao, ushirika unayumba, redio inasema jitegemeeni. Shemeji akaenda Songea, akarudi na boksi lenye matundu. Ndani vifaranga wa kisasa, wa manjano, wanalia kama baiskeli isiyo na grisi. Muuzaji kamwambia wanataka joto usiku na mchana.

Na nyumbani kwetu mzazi na mtoto mchanga nao wanataka joto usiku na mchana. Wanawekwa chumba cha ndani, madirisha yanazibwa, jiko la mkaa halizimwi. Shemeji akapiga hesabu za soko huria: jiko moja, wateja wawili. Boksi likaingia chumbani. Kitanda cha dada upande huu, vifaranga upande ule, mkaa katikati. Aliwaleta majirani kuangalia.

"Huku mradi," alisema akionyesha boksi. "Huku mrithi," akaonyesha kitanda.

Tulimsifu! Nami nilimsifu, tena nilisema vifaranga ndio wenye akili zaidi maana wanakula wenyewe. Dada alikuwa akinyonyesha, akinyoosha mkono kuwawekea maji, akirudi kunyonyesha. Nani angejua? Baadhi ya vifaranga wakaanza kuharisha nyeupe na kufa. Shemeji akawapa dawa ya unga, akasema ni hasara ya kawaida katika biashara.

Kisha Gaudensi akaharisha. Siku ile kulikuwa na manyunyu, dada akampeleka zahanati, foleni imefika hadi nje. Nesi alipowafikia, mtoto amelala fofofo na midomo inatetemeka kwa baridi. Dada aliniambia Nesi alishika kile kishungi cha kofia, akasita, akamwonea huruma. "Tumwachie usingizi wake," alisema. Akampa maji ya chumvi na sukari, akamwambia arudi kama mwili utapata joto. Katika miaka yote tuliyomjua, kofia aliyoiacha kichwani ilikuwa hiyo moja.

Joto likaja. Shemeji hakutaka foleni tena, akaenda duka jipya la dawa pale senta, akanunua dawa ya maji, nusu chupa, kwani mwenye duka alikuwa anapima kwa nusu ili kila mtu apate. Mtoto akatulia kidogo. Tukashukuru. Halafu akaacha kunyonya, na kilio chake kikabadilika, kikawa chembamba na cha juu, kama mlango unaofunguliwa mbali. Mama yetu akampaka dawa ya utosi, akamvika kofia zote mbili.

Jumamosi asubuhi Nesi akapiga hodi. Hakuja kwa ajili ya mtoto. Alikuja kuweka oda ya jogoo wa Krismasi, mambo ya soko huria. Shemeji akampeleka chumbani aone mradi, akiwa ameshaanza kupandisha bei. Nesi akaingia anachekacheka, "Nasikia huku kuna kuku wanaolala kitandani kama mapadri," na kwa mazoea mkono wake ukaenda kwa Gaudensi. Kofia ya kwanza. Kofia ya pili. Akafuta ile dawa kwa ncha ya kanga yake. Akaweka vidole.

Hakufumba macho. Utosi ulikuwa umeinuka kama andazi lililoumuka, unameta.

Nilingoja aseme kitu cha kuchekesha. 

"Nilimwacha na kofia," alisema, na hakuwa anatuambia sisi. Kisha akageuka, na sauti aliyotoa sijawahi kuisikia tena. "Mdomo! Kimbia zahanati, mwambie mganga alete dawa ya sindano, crystapen, na maji ya kuichanganyia, sasa hivi. Wewe mama, mbeleke mwanao. Tunakwenda hospitali, Mbinga."

"Na gari?" aliuliza shemeji.

"Lipo barabarani, ila halijajua bado."

Nilikimbia mpaka nikapoteza kiatu. Mganga alikuja mwenyewe, akamchoma Gaudensi pale pale, na Gaudensi hakulia, jambo ambalo lilitutisha kuliko kilio. Tuliposhuka barabarani lori la mnunuzi wa kahawa lilikuwa linapanda kona, limejaa magunia. Nesi akasimama katikati ya barabara, mikono kiunoni. Lori likapiga honi. Akabaki. Likafunga breki, vumbi likamfunika lote, na vumbi lilipotua bado alikuwepo, mwekundu kama tofali.

"Mama, umechoka kuishi?" alifoka dereva.

"Nina mtoto anakufa. Fungua mlango."

"Bosi kakataza abiria. Huu ni mzigo, unatakiwa ufike leo."

"Baba, kahawa ikichelewa inabaki kahawa." Alikuwa ameshapanda, anamvuta dada kwa mkono. "Mtoto akichelewa hatujui tutamwita nani."

"Nitafukuzwa kazi!"

"Utafukuzwa ukiwa hai. Washa."

Dereva akawasha. Mimi nilikuwa juu ya magunia, hakuna aliyeniruhusu wala kunikataza. Kila kona nilishika kamba na kupiga kelele watu watupishe, na nasema ukweli, niliogopa na papo hapo nikafurahi furaha ya ajabu, kwa sababu chini yangu alikuwepo yule mwanamke na niliamini hakuna kitu duniani kitakachomshinda.

Hospitali, daktari alisema lazima atoe maji ya uti wa mgongo kwa sindano. Dada alitolewa nje. Nesi, yule aliyekimbilia mibuni, alibaki, akamkunja Gaudensi kama jongoo, kidevu kwa magoti, akamshikilia pasipo kutikisika. Nilichungulia dirishani. Maji yanayotakiwa kuwa safi yakatoka kama ya kuoshea mchele.

Walimwanzishia dawa za uti wa mgongo, na maji yakapelekwa maabara. Siku zilipita, mtoto hapandi wala hashuki. Ndipo daktari akaja wodini na karatasi, amekunja uso. Akasema mdudu waliyemkuta si wa kawaida kwenye maji ya mgongo. Huyo makao yake ni matumboni, na watu wazima mara nyingi anawaharisha tu na kuondoka. Kwa mtoto mchanga, mara chache, anatoka tumboni, anaingia kwenye damu, anapanda hadi kwenye ubongo. Atabadilisha dawa, na ataongeza muda.

"Nyumbani mnafuga kuku?" akauliza.

Shemeji ndiyo kwanza alikuwa anaingia kutoka kijijini, vumbi hadi kwenye kope. Akasikia neno moja tu.

"Ninao, daktari! Wa kisasa! Unataka wangapi?"

Wodi nzima ilimtazama. Hata mimi, na mimi nacheka kwenye mazishi, sikucheka. Dada ndiye aliyemjibu, polepole, "Baba Gau, wale kuku." Nikaona shemeji anaelewa kidogo kidogo, kama mtu anayezama kwenye matope. Akakaa sakafuni.

Nesi akakaa naye, hapo hapo chini. "Tumegawana," alimwambia. "Wewe uliwaingiza ndani. Mimi niliacha kofia. Sasa nyamaza, mtoto amelala."

Gaudensi alianza kunyonya tena. Sitasimulia shangwe iliyokuwepo, manesi wa wodi walitishia kututoa. Ila siku ya kuruhusiwa daktari alitupa neno zito. Alisema ugonjwa huu ukimwacha mtoto, mara nyingi unaondoka na kitu. Sana sana masikio. Kwa sasa hawezi kujua, tutaona akikua.

Vifaranga walihamishiwa kwenye kibanda nyuma ya nyumba. Nesi aliapa hataki kuona kuku karibu na ukoo wetu, na walipokua alikuja kukagua usafi, akala paja, akaomba na shingo. Kliniki akaongeza swali. Zamani alisema, "Vua kofia." Sasa ikawa, "Vua kofia, na kuku wenu wanalala wapi?" Mzee mmoja alimjibu kwamba kuku wake wanalala na mke wake, yeye ndiye analala kibandani. Benchi zima likaangua kicheko.

Kisha akastaafu. Alishuka kwao Mbamba Bay kabla Gaudensi hajasema neno. Wachuuzi wa dagaa walipopanda Mkumbi walileta salamu zake, na salamu zilikuwa swali moja: "Anasikia?" Shemeji alijibu kwa sauti ya biashara, "Mwambieni anasikia sana!"

Na alisikia, kama tulivyodhani. Alisema mama, alisema hapana, hasa hapana. Isipokuwa ukimwita anageuka upande usio wako, au hageuki kabisa mpaka umguse. Mama yetu akasema ni ukaidi, karithi kwa mama yake mdogo, na wote wakanitazama mimi.

Likizo iliyopita, nimeshafika kidato cha tatu, dada alishuka ziwani kununua dagaa na sisi tukafuatana naye. Tulimkuta Nesi ufukweni, amekonda, anageuza dagaa kwenye kichanja. Dada akaanza, "Shikamoo Ne..." Nesi akampita. Akampita hata mimi. Akaenda hadi nyuma ya Gaudensi aliyekuwa ameinama akichota mchanga, akatikisa kiberiti karibu na sikio la kushoto. Gaudensi akageuka, akatabasamu. Nesi akangoja arudi kwenye mchanga wake. Akatikisa upande wa kulia. Gaudensi akaendelea kuchota. Akatikisa kwa nguvu. Akapiga makofi. Mvuvi aliyekuwa mbali akageuka, Gaudensi akageukia kushoto, kusiko na mtu.

"Moja," alisema Nesi. "Limebaki moja."

Dada alifunika uso kwa kanga. Ukaidi wote ule, na vile vibao alivyowahi kula kwa kutoitikia, nikajua anavihesabu. 

"Mama," Nesi alimwambia dada, "usilie upande huu, anasikia kwa sikio hili." Akamshika Gaudensi mkono. "Haya, twende nyumbani mle. Leo hakuna kuku."

Tulitembea kandokando ya maji. Mwanzoni Gaudensi alikuwa upande wa maji, ziwa kushoto kwake na sisi kulia, akigeuzageuza kichwa kututafuta. Nesi akasimama, akatugeuza wote, akachagua njia ya kuzunguka ambayo ni ndefu zaidi, ili ziwa liwe kulia kwa mtoto.

"Huko aweke ziwa," alisema. "Linapiga kelele kutwa nzima na halijawahi kumwambia mtu kitu cha maana. Sikio zima ni la kwetu sisi."

Basi nikahamia kushoto. Nikainama, nikamnong'oneza Gaudensi jambo moja la kumhusu Nesi ambalo hata hapa sithubutu kuliandika. Akacheka mpaka akaketi mchangani.

Nesi akasimama juu yake, mikono kiunoni. "Huyu Mdomo kakwambia nini?"

Gaudensi akanitazama, akamtazama, akaziba sikio lake la kushoto kwa kiganja chenye mchanga.

"Sijasikia," akasema.